Unataka la Namna Gani?

Saa kumi na moja alfajiri nimeshavunja trei sita.
Kofia nyeupe, aproni, majiko mawili ya gesi,
ghorofa ya tatu, Upper Hill, mji chini bado una ukungu.
Kazi yangu ni swali moja:
yai lako, unataka la namna gani?

Mfaransa hataki liguswe na rangi ya moto:
lijikunje lenyewe, katikati lilegee kama usingizi.
Mjapani anataka karatasi juu ya karatasi,
sukari kidogo, zikunjwe kama mkeka wa mgeni.
Mturuki: lidondoke bila kaka katika maji yanayotokota polepole,
kisha mtindi wenye kitunguu saumu,
kisha siagi iliyopikwa na pilipili nyekundu.
Mchina mmoja alinionyesha kulipasua lisimenyeke,
lirudi chunguni na majani ya chai,
litoke lina mishipa kama jiwe la mtoni.
Bi Shirinbanu wa Parklands huja Jumapili.
Manjano, dania, pilipili mbichi.
"Vuruga, Wabwile! Vuruga kama mtu anayedaiwa!"
Na yule dada wa Kampala huniomba chapati,
nimkunjie yai ndani, ale amesimama.

Dunia nimeijua kwa ute na kiini.
Pasipoti sina.

Mwezi wa nane nyanya yangu Namarome akaja kutoka Chwele
kutibiwa macho.
Aliketi kitandani pangu Kangemi, kikapu magotini,
ndani mayai kumi na mawili yamezikwa katika unga wa mahindi
yasivunjike safarini.
Hata moja halikupata ufa.
"Yako haya," akasema,
kama alivyosema tangu sijaota magego.

Hapo ndipo nilipohesabu.
Mpishi wangu wa kwanza ni yeye:
yai alilitoboa kwa mwiba lisilipuke,
akalifunga jani la mgomba, akalifukia majivuni.
Mimi nikila, yeye akipuliza vidole.
Sikuwahi kuona kiini mdomoni mwake.
Kwetu mwanamke hakula yai, wala kuku aliyelitaga.
Sababu zilikuwa nyingi,
zote zilisemwa na wanaume waliokuwa wakitafuna.

Nikawasha jiko. Nikauliza kwa ile sauti ya kazini:
"Nyanya, unataka la namna gani?"

Akanyamaza.
Jirani alikuwa anafua, ndoo ikagonga ukuta.
Nikamtajia yote, la mtindi, la sukari, la majani ya chai.
"Hao wote wanakula," akasema. "Na wake zao?"
"Na wake zao."
"Na wanazaa?"
"Wanazaa, Nyanya."
Akakuna shavu kando ya bandeji.
"Basi la majivu."

Chumba cha kupanga, mtungi wa gesi. Majivu yatoke wapi?
Nikamfuata Khavere, mchoma mahindi wa barabarani,
nikamwomba pembe moja ya jiko lake.
Akanitazama kama niliyeomba mvua kwa mkopo,
kisha akamwona bibi nyuma yangu, akasogeza makaa.

Nyanya akaketi juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa.
Pini ikatoka kwenye kitambaa chake cha kichwa,
tundu likatobolewa, dogo, pale pale panapostahili.
Mgomba hakuna; tukalivisha ganda bichi la hindi.
Pikipiki zilipita, redio ya kinyozi ilisoma matokeo ya mpira.

Akalimenya mwenyewe kwa kupapasa.
Akauma.
Akatafuna muda mrefu kuliko yai linavyohitaji,
nami nikangoja machozi, mjinga mimi.

"Hili tu?" akasema.
"Miaka yote ile, walikuwa wananificha hili tu?"

Kisha akanyoosha mkono, viganja vyeusi kwa majivu:
"Tena halina chumvi.
Lete la pili."